Tulivyomfungia Ngiri Methanoli

Jumapili, 2 Machi

Tumeshindwa tena mashindano ya magari ya kupanda mlima. Na yuleyule — daktari wa meno! Wiki nzima anang'oa watu meno, Jumapili anakuja mlimani na kigari chake cheupe kutung'oa sisi.

Mdogo wangu hana kosa. Kishada amepanda vizuri leo, kona amezikata safi, breki mahali pake. (Jina hilo tulimpa angali mtoto kwa kuwa alikuwa hatulii chini, na hajatulia mpaka leo. Siku za kazi anaendesha basi la shule, kwa adabu zote. Jumapili ni mtu mwingine.) Shida ni gari. Ngiri alipofika kile kipande kilichonyooka karibu na kilele akaanza kuhema. Nilimsikia nikiwa chini. Nikajua tumekwisha.

Ni hewa. Turbo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini, inaibana, ikibanwa inapata moto, na hewa ya moto ndani ya injini inafanya petroli iwake kabla ya zamu yake. Injini inagonga — kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko. Ikigonga sana, pistoni inatoboka. Kwa hiyo kompyuta ya gari, niliyoipanga mwenyewe, inapunguza nguvu ili kuokoa injini. Inafanya kazi yake. Siwezi kuitukana.

Njiani kurudi, Kishada akasema daktari ananyunyiza methanoli kwenye hewa ya injini. Akasema na sisi tunyunyize. Nikamwambia ng'o!

Akasema dada unaogopa. Ndiyo, naogopa. Nimeshaandika, basi.


Jumanne, 4 Machi

Haniachi. Karakana yetu yenyewe ndogo — lifti moja, meza moja ya kazi, na kona ya Cheche, mchomeleaji wetu — kwa hiyo mtu akitaka kukuudhi hana haja ya kupaza sauti. Nikiwa chini ya gari: "Dada, methanoli." Nikinywa chai: "Dada, methanoli." Cheche naye akampigia debe, akasema mlimani kila mtu anatia siku hizi. Nikamwambia huyo Kila Mtu aje basi, aninunulie pistoni zikitoboka. Cheche akasema atamtafuta. Watu wazima hawa!

Jioni wakahamishia vita mezani kwa Mama. Kishada analala kwake lakini anakula kwetu, ndivyo alivyo. Mama akauliza hicho mnachogombania ni kitu gani. Kishada: aina ya spiriti tu, Mama, inapooza injini. Mimi: sumu. Mama akamtazama huyu, akamtazama yule, akasema tangu utotoni mmoja anapanda ukuta, mwingine analia chini, leteni sahani.

Niseme kweli hapa, maana hakuna anayesoma. Kwa injini kitu chenyewe ni kizuri mno. Ukungu wake unapooza ile hewa, na wenyewe unawaka kama mafuta, kwa hiyo turbo inasukuma zaidi bila kugonga. Ubaya wake uko nje ya injini. Methanoli inapenya kwenye ngozi. Moto wake juani hauonekani — unaungua na hujui unaungua. Na ukiimeza, hata kidogo tu, inaweza kukupofusha, inaweza kukuzika. Wala haifanyi haraka. Inakuacha uende nyumbani, ule, ulale, ucheke na watu, halafu kesho ndiyo inakuja.

Nilimweleza Kishada haya yote. Akasema yeye hana mpango wa kuinywa.


Ijumaa, 7 Machi

Nimekubali. Moyo hautaki lakini nimekubali.

Nimegundua ameshaongea na fundi mwingine amfungie. Yule wa kule nyuma ya soko, anayetumia tangi la maji ya kuoshea kioo na mpira wa kupulizia matairi! Kwa fundi yule ni moto tu, hakuna lingine. Bora nifunge mimi.

Nikawasimamisha yeye na Cheche mbele ya lifti kama watoto wa darasa la kwanza. Glovu, sio zile za kitambaa. Miwani. Milango wazi. Ndoo ya maji miguuni kila tunapomimina, kwa sababu moto huu, tofauti na wa petroli, maji yanauzima. Dumu litakaa kwenye kabati ya chuma, ufunguo mfukoni mwangu. Tutahamisha kwa pampu ya mkono, na pampu itakaa kabatini humohumo, asije mtu akaibeba kwenda kuvutia dizeli. Kishada akaitikia "ndiyo mwalimu" kila sentensi. Cheche akauliza kama choo pia tutaomba ruhusa.

Wacheke tu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.


Jumatano, 12 Machi

Kazi ya kweli leo. Nimefurahi, sitaki kudanganya. Kuna raha fulani ya kuwa na kazi ngumu na vifaa vyote mezani.

Tangi nimeliweka kwenye buti, mbali na joto la turbo. Cheche alitaka kuchomelea la alumini, jepesi. Nikakataa: methanoli inaila alumini polepole, na unga wake unakuja kuziba kila kitu mbele. Chuma kisichoshika kutu, au tuache. Akanuna kidogo, kisha akakaa nalo kutwa, akatoa tangi zuri hata ukitaka kupikia wali unaweza. Akalizungukazunguka akilipapasa. Nikamsifu. Anapenda kusifiwa kuliko anavyopenda mshahara.

Chujio, pampu, mpira mgumu, valvu ya kuzuia kitu kisivutwe chenyewe injini ikiwa imezimwa. Bomba la kunyunyizia nimelifunga baada ya kipoza hewa. Mchanganyiko nusu kwa nusu na maji ya betri — yale safi, sio asidi. Tukiweka methanoli tupu nguvu inaongezeka, Kishada ameshasema mara kumi. Nusu kwa nusu.

Jambo lililonichukua muda ni usalama. Nguvu ya Ngiri sasa inategemea ule ukungu. Ukungu ukikatika ghafla na turbo bado inasukuma, injini inaungua kabla dereva hajapepesa jicho. Kwa hiyo nimeweka sensa tatu, vile vidude vya kuhisi: moja inaangalia kama kitu kinapita kwenye mpira, moja inaangalia tangi, moja inasikiliza injini kama inagonga. Moja tu ikilalamika, kompyuta inashusha nguvu. Na inashusha taratibu! Ikikata ghafla katikati ya kona, gari linamtupa porini, halafu tutajisifu kwamba injini imepona.

Nimejaribu kwenye mashine ya kupimia nguvu. Ngiri ananguruma, nikachomoa waya wa pampu makusudi. Sauti ikashuka, laini kabisa, kama mtu anayeteremka ngazi. Taa ya njano. Injini haikugonga hata mara moja. Nimerudia mpaka Kishada akaniuliza kama nina ugomvi na huo waya.


Jumamosi, 15 Machi

Somo la moto. Nimemimina kijiko kimoja cha methanoli kwenye kifuniko cha kopo, uani, jua la saa sita, ndoo ya maji kando. Nikawasha. Nikawauliza: unawaka?

Kishada akasema haujashika. Cheche, mtu aliyecheza na moto umri wake wote, akacheka, akapeleka kiganja juu ya kifuniko kuonyesha umahiri. Yalaa! Akaruka kama kapigwa na shoti. Hakuna mwali, hakuna moshi, hewa tu inatetemeka kidogo. Nikamwagia maji, ukazima.

Hawakucheka tena. Cheche akautazama mkono wake muda mrefu — haujaungua, nywele tu zimejikunja — akasema, dada mkubwa, kitu hiki hakina ustaarabu. Moto wa kweli unabisha hodi.

Wameelewa. Leo nimekula vizuri.


Alhamisi, 20 Machi

Tumempandisha mlimani kwa majaribio. Jamani! Ngiri amebadilika. Kile kipande cha juu alichokuwa anahemea, leo amekimeza. Nilikaa huko chini na kompyuta mapajani, natazama mistari: joto la hewa limeshuka, injini haigongi, ukungu unapita vizuri. Kishada aliposhuka alivua helmeti akanibeba juu juu mbele ya watu, mimi na uzito wangu. Nikampiga mgongoni aniteremshe. Nilikuwa nacheka. Sijacheka hivi tangu sijui lini.

Daktari wa meno naye alikuwepo kwa majaribio yake. Akaja kuangalia, mikono nyuma, kama watu waliosoma wanavyoangalia. Akasema, dada fundi, Jumapili utanitesa. Mtu muungwana, bahati mbaya.

Ila tuliporudi nikaona unyevu chini ya tangi. Tone moja, pale kwenye kiungo cha mpira. Kishada akasema tone moja si kitu. Nikamwambia na tone hilo Ngiri haendi popote. Gasketi, kile kizibio cha kiungo, iko chini kabisa: lazima tangi litolewe mchanganyiko wote kwanza ndipo uibadilishe. Tutafanya Jumamosi.


Jumamosi, 22 Machi

Mama alitaka nimpeleke kwa mshonaji, na mshonaji wake ana maneno kuliko nguo. Nimerudi karakana alasiri nikiwa mbio, nikidhani kazi ya tangi inanisubiri.

Imeshakwisha! Gasketi mpya, tangi limejazwa mchanganyiko upya, karatasi kavu chini yake na haina hata alama. Kishada kakaa juu ya tairi anakunywa maziwa ya paketi, miguu imenyooshwa, na paketi nyingine tupu pembeni. Nikamtania: dereva mzima unanyonya kama ndama? Akasema anajenga mifupa. Cheche akacheka sana, kuliko utani wenyewe.

Nimekagua kila kitu. Safi. Leo hata sikulazimika kugomba. Kesho ndiyo kesho.


Jumapili, 23 Machi

Naandika hospitalini, kwenye benchi la korido. Nisipoandika nitapiga mtu.

Asubuhi Kishada alikuja mlimani uso umempauka. Akatapika nyuma ya trela. Kichwa kinamuuma. Akasema ni woga tu wa mashindano, nami nikaamini. Nikampa maji. Nikamwambia dereva asiye na woga hajazaliwa. Mimi huyu!

Akapanda mzunguko wa kwanza, ule wa kupasha joto. Akaja mwendo wa ovyo, kachelewa breki, kaparaza matairi ya kona ya tatu, kona anayoijua kama mlango wa kwao. Alipofika chini nikaingiza kichwa dirishani na maneno yangu yote tayari mdomoni. Kwanza nikatazama kompyuta: sensa zote tatu shwari. Injini haina neno. Nikamwuliza, sasa ni wewe?

Akasema: "Jua, Dada. Limenipiga usoni. Weupe mtupu, kama niko ndani ya ukungu."

Nikainua macho. Mawingu. Mawingu kila upande, na manyunyu yanaanguka kwenye kompyuta yangu. Jua hatujaliona tangu alfajiri.

Nikamwuliza jana ulikunywa nini. Nikamwuliza tena kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuijua. Akasema maziwa. Nikageuka kumtazama Cheche. Cheche alikuwa anatazama viatu vyake.

Ndipo Cheche akasema. Ilibidi tangi litolewe mchanganyiko wote kwanza. Pampu ya mkono iko kabatini, kabati imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, na mimi niko kwa mshonaji. Kishada akasema tusimsumbue dada, tumfurahishe, akute kazi imekwisha. Akachukua kipande cha mpira, ncha moja tangini, nyingine mdomoni, akavuta. Kama tunavyovuta petroli. Ikamjia ghafla, funda zima. Kidogo alitema, kingine kilishapita. Wakacheka. Akanunua maziwa, maana kila fundi anajua ukimeza petroli unakunywa maziwa.

Kila fundi! Mimi mwenyewe nimevuta petroli kwa mdomo mara zisizohesabika. Nilifundishwa hivyo, nikamfundisha yeye hivyo, hakuna hata aliyewahi kuita hilo kufundisha. Niliwaambia moto, niliwaambia glovu, niliwaambia alumini. Sumu niliwaambia pia. Mpira mdomoni sikuusema kwa sababu hata haukunijia kichwani. Na maziwa hayasaidii kitu kwa methanoli. Hayasaidii kitu!

Nilipiga kelele nadhani, kwa sababu daktari wa meno akaja mbio, kavaa nguo zake za kuendeshea, helmeti kwapani, zamu yake ilikuwa inaitwa. Hakuuliza habari nyingi. "Methanoli? Saa ngapi?" Cheche akasema jana mchana. Daktari akamtupia fundi wake helmeti, akasema pandeni gari langu, lile la mizigo. Akaendesha yeye, na kabla hatujaondoka alishapiga simu hospitali watayarishe dawa ya kuzuia sumu na mashine ya kusafisha damu. Hakugeuka nyuma hata mara moja kuangalia mashindano.

Njiani Kishada akaniuliza muda wake wa mzunguko ulikuwa ngapi. Nilitaka kumzaba kofi. Nikamshika mkono, baridi kama spana.

Wamemchukua ndani. Daktari wa meno amekaa mwisho wa benchi. Ananitazama naandika. Mama bado hajui.


Jumatatu, 24 Machi

Yuko hai. Damu wameisafisha na wanaendelea. Wanasema tungengoja mpaka jioni tungekuwa tunazungumza mengine.

Macho hawajui. Yanaweza kurudi, yanaweza kurudi nusu, yanaweza kubaki yalivyo. Nikauliza yalivyo ni vipi. Wakasema mwulize mwenyewe. Nikamwuliza. Akasema pembeni anaona, katikati ni weupe. Akiniangalia usoni ananikosa, akiangalia sikio langu ananipata kidogo. Akatoa mzaha kwamba bora hivyo, hataona ninavyokunja uso. Nilitoka nje nikalia, nikarudi.

Mama nimemwambia. Hakupiga kelele. Akaniuliza tu, na wewe ulikuwa wapi? Kisha akakumbuka nilikuwa naye kwa mshonaji, akaweka mkono mdomoni. Nikampikia uji.

Cheche alikuja na machungwa, akasimama mlangoni mpaka nesi akamfukuza. Alisema amemrudisha Ngiri karakana na amemkagua. Injini haina hata mkwaruzo.

Sensa tatu nimeiwekea injini!


Jumatano, 26 Machi

Amehamishiwa wodi ya macho. Chumba kidogo, kitanda, beseni la kunawia, dirisha linaloangalia mahali wanapoanika mashuka. Ukutani, mkabala na kitanda, wamebandika lile karatasi la herufi la kupimia macho, kubwa juu, zinapungua mpaka zile za chini za ukubwa wa chawa.

Daktari wa macho, mama mmoja mpole mwenye haraka, kasema Ijumaa atampima. Kasema wazi: basi la shule asahau mpaka asome mistari ya kutosha. Gari la mashindano hata asilitaje. Kishada akasema sawa, Daktari. Kwa utii ule ambao ningepaswa kuushuku, lakini nilikuwa nimechoka.

Mchana alisema amechoka kulala. Redio hana, kusoma hawezi. Akaniomba nimsomee chochote. Nikasema nikusomee nini, hapa hakuna hata gazeti. Akasema lile karatasi basi, mradi nisikie sauti yako. Nikacheka. Nikamsomea. Mstari wa mwisho nilibidi niende mpaka ukutani, nikaukaribia kwa pua. Akasema nirudie. Nikarudia. Akasema nisome tena, polepole. Nikamwambia wewe mtoto una wazimu, lakini nikamsomea, kwa sababu juzi hii nilikuwa tayari kumsomea hata orodha ya wafu mradi awe hai anisikilize.

Akalala huku midomo inachezacheza. Nikadhani anaomba.


Ijumaa, 28 Machi

Naandika nimesimama, daftari juu ya kizingiti cha dirisha. Daktari wa macho bado yumo humu ndani.

Kaja asubuhi, kamkalisha Kishada ukingoni mwa kitanda, kamwambia ziba jicho moja, soma ukutani. Kishada akasoma. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kukwama. Moyo wangu ukaruka, nikasema alhamdulillahi ndani ya kifua, nikataka kumkimbilia.

Akaendelea. Wa tano, wa sita. Daktari akainua nyusi. Angeishia hapo! Lakini Kishada huyu hajawahi kushika breki mapema. Akashuka mpaka mstari wa mwisho, ule wa chawa, ambao mimi na macho yangu mawili mazima sikuuona mpaka nilipogusa ukuta kwa pua. Akausema wote. Na alivyousema ni mimi — polepole, akipumzika pale nilipopumzika mimi. Jicho la pili vilevile. Mlimani anafanya hivyohivyo: usiku wa kuamkia mashindano anafumba macho na kuzitaja kona zote, kutoka chini mpaka kileleni, na hakosi hata moja.

Nimekuja huku dirishani nipate hewa, nikachukua daftari ili mikono iwe na kazi.

Daktari amefurahi. Nyuma ya macho bado kuna uvimbe kidogo, anasema, lakini mtu anayesoma hivi hawezi kumshikia kitanda. Leo nyumbani. Kishada akauliza, na basi la shule, Daktari? Daktari akasema akijisikia vizuri, Jumatatu. Watoto wanaokaa viti vya mbele nawajua kwa sura. Yule asiye na meno humpungia mkono kila siku akipita karakana.

Nikisema, sijui kama atanisamehe. Tangu azaliwe hajapenda kitu kingine zaidi ya kuendesha. Na nisiposema?

Daktari ananawa mikono kwenye beseni, ametupa mgongo. Anauliza kama dada mtu ana swali lolote kabla hajaandika ruhusa.

Kishada amekigeukia kiti kilicho kando ya kitanda, niliponing'iniza koti langu la kazi. Anakitikisia kiti kichwa, polepole: usiseme. Ameweka kidole mdomoni. Sasa anakikonyezea na jicho, anatabasamu, lile tabasamu lake la kuniomba.

Mimi niko huku dirishani.